Chujio la hewa lililoniachia kutu ndani ya mtungi

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu chujio hili, kwa kuwa kwa miezi kadhaa lilinipa imani kwamba hewa niliyokuwa nikijaza kwenye mtungi wa bunduki yangu ya upepo ilikuwa safi na kavu. Majuzi valvu ilianza kuvuja. Nikatoa hewa yote, nikaifungua valvu, nikauinamisha mtungi juu ya kitambaa cheupe. Yalidondoka maji ya rangi ya chai, yapata kijiko kimoja, na chembe za kutu zikabaki kwenye kitambaa.

Nilimpigia simu muuzaji kwa adabu zote. Nikamweleza kuwa pamba ya chujio nilikuwa nikiibadilisha kila ilipolowa, kisha nikamuuliza kwa nini hawakuweka skrubu ya kutolea maji. Alinikatiza: "Ndugu yangu, wewe jaza hewa, mengine yaache." Nilipotaja kutu, alisema mtungi wangu ndio mbovu, akakata simu.

Anayeuza kifaa cha kazi hii hana budi kujua kwamba hewa inaposhindiliwa kufikia shinikizo la baa 300, sehemu kubwa ya mvuke uliomo hugeuka maji, na kwamba hewa ikiwa bado ya moto mvuke hupenya pamba bila kizuizi, ukaja kuwa maji baadaye, mtungi unapopoa. Chujio hili hufungwa kwenye mdomo wa kompresa penyewe, yaani mashine ya kushindilia hewa, mahali ambapo baada ya dakika chache za kujaza hapagusiki kwa mkono. Kutu hula ukuta wa chuma kidogo kidogo, na mtungi huo, ukiwa umejaa, huwa shubiri chache tu kutoka usoni mwangu ninapolenga shabaha. Hayo ndiyo aliyoniambia niyaache.

Kwa haki, pamba yake ilikuwa ikitoka nyeusi kwa mafuta ya kompresa, na hilo si jambo dogo, maana ukungu wa mafuta ukishindiliwa pamoja na hewa unaweza kuwaka. Kwa hiyo nilikuwa tayari kusema kwamba chujio linafaa kwa mafuta, mradi mbele yake kuwe na mpira mrefu wa kupoza hewa, kisha chombo chenye skrubu ya kutolea maji na punje za silika zinazobadilika rangi zikishiba unyevu. Mpira na chombo hicho ndivyo nilivyofunga sasa, na kila baada ya dakika tano nafungua skrubu, maji yanaruka kwa kishindo.

Hata hivyo, kila nikiyaona maji hayo nakumbuka kwamba zamani yote yalikuwa yakiingia mtungini, na kwamba niliyemlalamikia alinikatia simu. Fundi ameukataa mtungi ule baada ya kuumulika ndani. Chujio nimeling'oa, na rafiki aliyeniomba nimpe bure nimemnyima.