Ukinunua Star Wars za zamani, neno "orijino" lisikuponze

Wadau, niliwahi kuagiza boksi la muvi tatu za mwanzo za Star Wars, muuzaji akaniapia kabisa kwamba ni orijino, na kweli boksi likafika na nailoni yake, kava linang'aa, diski si za kuchoma. Nikakaa na mdogo wangu tuangalie. Tumefika pale kwenye baa ya Mos Eisley, Han Solo amekaa mezani na yule jamaa wa kijani Greedo, mara Greedo akafyatua wa kwanza. Nikazima tivii. Iliniuma sana, na kinachouma zaidi ni kwamba muuzaji wala hakudanganya, maana kwake orijino ni kitu kisicho kopi, na mimi nilikuwa naongelea ile picha yenyewe, ile watu waliyopanga foleni kuiona mwaka 1977. Orijino mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo naandika hii ili wewe usitoe hela kichwa kichwa, maana matoleo ni mengi na kwa nje yanafanana.

Kwanza tuelewane ugomvi wenyewe ni upi, bila hapo hutaelewa kwa nini nimepanga hivi nilivyopanga. Star Wars ilitoka Mei 1977, ya pili, The Empire Strikes Back, 1980, ya tatu, Return of the Jedi, 1983. Mwaka 1997 George Lucas, mwenyewe aliyezitunga, akazirudisha sinema akiwa ameongeza vitu vya kompyuta, akaziita Special Edition. Na hakuishia hapo, akagusa tena kwa DVD za 2004, tena kwa Blu-ray za 2011, na ile ya 2019 iliyokuja na Disney+ nayo ina mabadiliko. Kwenye ya 1977 Han anampiga Greedo kwa chini ya meza, basi, risasi moja imeisha, na hapo ndo unajua huyu si stelingi wa kawaida, huyu ni mtu wa magendo anayejiokoa kwanza, ndo maana anaporudi mwishoni kumsaidia yule kijana Luke unasisimka. Mwaka 1997 Greedo akafanywa apige yeye kwanza, tena kwa umbali wa meza, akakosa, na kichwa cha Han kikasogezwa kwa kompyuta. 2004 wakapiga karibu kwa pamoja. 2019 Greedo akaongezewa na neno, "Maclunkey", halafu ndo anafyatua. Lucas alishaeleza kwamba Han atakuja kumuoa binti mfalme Leia, hivyo haipendezi aonekane muuaji. Sawa, ni sababu, ila mtu anayebadilika lazima awe na pa kuanzia, na pale palikuwa ndo pa kuanzia pake.

Wanaomtetea wanasema picha ni yake, hela yake, afanye anavyotaka, na kwamba 1977 hakuwa na muda wala bajeti ya kufanya alichokuwa nacho kichwani. Namuelewa. Na mabadiliko mengine ni mazuri, nasema wazi: vita vya theluji kule Hoth kwenye The Empire Strikes Back, zamani vile vyombo vya kurukia vilikuwa vinaonekana kama vioo kwa sababu ya namna picha zilivyounganishwa, wakarekebisha, safi. Lakini muvi haitengenezwi na mtu mmoja jamani. Ile ya 1977 ilichukua Oscar 6 za ushindani, mojawapo ya vielelezo maalumu na nyingine ya uhariri, yaani kuna mafundi walitengeneza vyombo kwa mikono, wakajenga kamera za kuvipiga, wakapewa tuzo kwa kazi hiyo, na leo kuna sehemu ya kazi hiyo imefunikwa na mtu akinunua muvi leo haioni. Sebastian Shaw, mzee aliyecheza Anakin (ndo Darth Vader akishavua kofia yake nyeusi) kwenye Return of the Jedi, alifariki 1994, na 2004 mzimu wake mwishoni ukatolewa akawekwa Hayden Christensen, kijana aliyecheza Anakin kwenye muvi za baadaye. Shaw hakuulizwa, asingeweza kuulizwa. Mimi hiyo ndo inaniumiza kuliko hata Greedo. Na Lucas huyu huyu mwaka 1988 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu waliokuwa wanapaka rangi filamu za nyeusi na nyeupe, akasema wanaoharibu kazi za sanaa kwa faida yao au kuonyesha nguvu zao ni washenzi. Maneno mazito, na yalikuwa ya kweli, ningetamani angeyashika.

Mimi sigombani na mabadiliko yenyewe, ninachogombana nacho ni kuondolewa kwa ile ya mwanzo. Angalia muvi ya Blade Runner, seti ya 2007 ina matoleo 5 ndani ya boksi moja, unachagua mwenyewe. Mwongozaji Spielberg 2002 alibadilisha bunduki za polisi kwenye E.T. akaweka redio za mkononi, baadaye akakiri anajuta, na Blu-ray ya 2012 ikatoka na ile ya 1982 vilevile ilivyokuwa. Kwa hiyo inawezekana, watu wameshafanya.

Haya, tuje kwenye kununua.

Namba moja kwangu, DVD za 2006. Hizi zilitoka Septemba 2006 kwa muda mfupi, kila muvi inauzwa peke yake na ina diski mbili: ya kwanza ni lile toleo la 2004, ya pili, ambayo wao wameiita nyongeza tu, ndo picha ya mwanzo. Kwenye ile ya 1977 hata maandishi yanayopanda mwanzoni hayana "Episode IV", maana hayo yaliongezwa 1981. Sasa nisikufiche, picha yake si nzuri. Walichukua masta ya LaserDisc (diski kubwa za kabla ya DVD) ya 1993 wakaiweka hivyo hivyo, hawakuisafisha upya, na haijatengenezwa kwa tivii pana, kwa hiyo ukiiweka kwenye flatiskrini inakaa katikati na weusi pande zote nne, inabidi ubonyeze zuum kwenye rimoti, na ukizuum inakuwa na ukungu kidogo. Sauti ni stereo ya kawaida. Mashabiki walikasirika sana kipindi hicho na walikuwa na haki, kampuni yenye uwezo ule kukupa kitu cha miaka 13 nyuma ni dharau. Lakini ndo toleo halali la DVD lenye muvi yenyewe, na mimi nikipewa nichague kati ya picha kali ya muvi nyingine na picha ya ukungu ya muvi niliyoitaka, sifikirii mara mbili. Sasa hivi utaipata mtumba tu. Angalia mambo mawili: diski ziwe mbili kwa kila muvi, na nyuma ya kava pawe pametajwa toleo la sinema, neno lenyewe la kutafuta ni "theatrical". Boksi la 2004 la muvi tatu pamoja halina kabisa, hata muuzaji aape vipi, ndo lililonipata mimi. Halafu kama uko Bongo au Kenya kumbuka DVD zina kanda, yaani maeneo ya dunia zinakosomeka: za Marekani ni kanda 1, Uingereza 2, sisi huku tumewekwa 5, kwa hiyo kama deki yako haisomi kanda zote utabaki unaangalia kava. Deki nyingi za bei chee za Kichina zinasoma zote au zinafunguliwa kwa kubonyeza namba kwenye rimoti, ila hakikisha kabla hujaagiza, usije ukahakikisha baada.

Namba mbili ni diski za 4K (zenye picha kali kuliko Blu-ray) za 2020, na hapa najua wapo watakaonibishia. Ni Special Edition na Maclunkey wake yumo, Hayden yumo, ule wimbo wa zamani wa mwishoni wa Ewok, vile viumbe vidogo vya manyoya, haumo. Lakini kwa macho ndo nzuri kuliko zote zilizowahi kuuzwa, rangi zimerudi kawaida baada ya zile za 2004 na 2011 zilizokuwa na ubluu wa ajabu, ingawa kwangu wamesugua mno zile chembechembe za filamu. Kama lengo lako ni kukaa na watoto Jumamosi waijue hadithi, chukua hii, watafurahi, na ukiwasimulia pembeni nani alipiga kwanza utakuwa umewatendea haki. Na kama hela inatosha muvi moja tu, chukua The Empire Strikes Back, ndo iliyoguswa kidogo kuliko zote, kubwa pale ni mfalme Palpatine kubadilishwa uso na sauti. Diski za 4K hazina mambo ya kanda, hiyo ni raha, ila lazima uwe na deki ya 4K. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma, PS4 haisomi hata ile Pro, watu wengi wanaumia hapo.

Tatu, kanda za VHS za 1995. Najua unashangaa. Hizi ndo zilitangazwa kama nafasi ya mwisho kupata zile za mwanzo, na kweli ikawa hivyo kwa miaka mingi. Kava zina sura kubwa kubwa, Vader, askari wa kofia nyeupe, Yoda. Kama bado una deki nyumbani inayofanya kazi na una mapenzi na mambo ya zamani, ni kitu cha kukaa nacho. Shida ni kwamba nyingi zimekatwa zijae tivii ya zamani, karibu nusu ya picha pembeni haipo, kwa hiyo tafuta zilizoandikwa "widescreen". Na za Marekani ni za mfumo wa picha wa NTSC, deki za huku nyingi ni za mfumo wa PAL, ukiweka unaweza kupata picha inayoruka au isiyo na rangi. Uliza kanda zilihifadhiwaje, fangasi ikishaingia humo ndani inaharibu na deki.

LaserDisc ya 1993 naipita haraka, ndo mama wa ile DVD ya 2006, ni kubwa kama sahani ya santuri, na mashine yake kuipata na kuitunza ni kazi. Ya watu wa makusanyo.

Blu-ray ya 2011 naiweka chini na sitabadilisha. Hapa ndo Vader aliongezewa "Nooo" mwishoni mwa Return of the Jedi, wakati anamnyanyua mfalme kumtupa. Ule ukimya ulikuwa kila kitu! Unamuangalia kofia tu, haina uso, haisemi neno, anaangalia mwanaye anavyoteswa, anaangalia mfalme, na wewe ndo unamjazia moyoni anachofikiria. Kuweka ukelele pale ni kama mtu anakusimulia kilio chako mwenyewe. Usinunue hata ikishuka bei. DVD ya 2004 ndo ya mwisho kabisa, haina picha nzuri ya 4K wala haina muvi ya mwanzo, sasa unainunulia nini.

Kuna wataofika na habari za 4K77 au Despecialized, zile ambazo mashabiki wamezitengeneza wenyewe, nyingine wameskani filamu za milimita 35 zilizobaki za 1977. Kazi ya upendo kweli, naiheshimu. Lakini si bidhaa, hazina kibali, na waliozitengeneza hawazifanyi za kuuza, kwa hiyo ukiona mtu anazichoma anaziuza na kava la kuprinti usimpe hela yako.

Na kama huna haraka, subiri kidogo. Juni 2025 BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, pale London walionyesha kopi halisi ya filamu ya 1977, ile ya sinema, isiyoguswa, na Lucasfilm, kampuni yenyewe ya Star Wars, wametangaza Star Wars kurudi sinema 2027 ikitimiza miaka 50. Mimi hela yangu ya diski mpya nimeiweka pembeni hadi nione baada ya hapo wanatoa nini.

Ukinunua mkononi, usikubali kuonyeshwa kava tu. Mwambie aweke diski ya pili, sogeza mpaka karibu dakika ya 50, baa ya Mos Eisley, tazama mkono wa Han chini ya meza. Risasi ikiwa moja, lipa.