Fundi wa Kisauni aliyetuepusha kuvunja vigae vya jakuzi

Miezi mitatu mfululizo jakuzi (kidimbwi cha maji moto) la nyumba ya kaka yangu hapa Nyali, Mombasa, lilikuwa jioni limejaa, alfajiri maji yako chini ya magoti. Nyumba tunawakodishia wageni, msimamizi ni mimi. Bwawa na jakuzi vinatumia pampu moja na chujio moja la mchanga, na jakuzi limejengwa juu zaidi ili maji yake yamwagikie bwawani. Mafundi wawili walikuja, wote wakaapa kwamba jakuzi limepasuka, tung'oe vigae. Kaka alishaanza kutafuta pesa.

Huyu wa Kisauni nilielekezwa na jirani. Ni mtu mzima, mpole wa maneno. Nusu saa nzima hakugusa spana. Alifuata kila bomba kwa mkono mpaka kwenye pampu, akiliandika kwa kalamu nzito: "kunyonya bwawa", "kunyonya jakuzi", "kurudisha bwawa", "kurudisha jakuzi". Kisha akaniita. "Njoo mwanangu, nyumba hii waiangalia wewe, si mimi."

Zile valvu za njia tatu, zinazochagua maji yanyonywe wapi na yarudishwe wapi, nilikuwa nimezigeuza mwaka mzima kwa kubahatisha. Kumbe kwenye valvu zetu, neno OFF lililochongwa kwenye mkono laelekea bomba lililozibwa, si lililo wazi! Akanifanya nizigeuze mwenyewe. Wageni wakitaka kuingia jakuzini, kunyonya na kurudisha kote kuwe kwa jakuzi. Ukinyonya jakuzi ukarudisha bwawani, jakuzi linakauka upesi na pampu inaanza kuvuta hewa. Ukinyonya bwawa ukarudisha jakuzini, linafurika, na hayo ndiyo maporomoko ambayo wageni hupenda kuyapiga picha.

Baadaye alizima pampu, akafunga jakuzi pande zote mbili, akabandika selotepu kwenye kigae usawa wa maji. "Tuonane kesho." Asubuhi nilikimbilia huko kabla ya chai. Maji yalikuwa pale pale kwenye selotepu. Jakuzi ni zima, halina ufa. Maji yalikuwa yanatorokea bombani.

Kwenye bomba linalorudisha maji jakuzini kuna valvu ndogo ya kuyazuia yasirudi nyuma. Ndani yake mna kifuniko chenye mpira. Pampu ikifanya kazi, maji yanakisukuma na kupita. Pampu ikinyamaza, kinajifunga. Chetu kilikwamishwa na kipande cha saruji ya vigae kisichozidi punje ya hindi, kikabaki wazi, na kwa kuwa jakuzi liko juu, maji yakawa yanateremka bwawani usiku kucha. Ndiyo maana hata mchana, stima ikipotea tu, jakuzi lilishuka. Nililiona hilo mara nyingi na sikuwaza kuuliza kwa nini.

Springi yake nayo ilikuwa imekatika, kwa hiyo alinipa ile kuukuu niende nayo dukani ninunue ya saizi hiyo hiyo. Hakutaka kuninunulia yeye na kuongeza chake juu. Ufundi alichukua shilingi 4,500 kwa siku mbili. Mipira ya valvu nyingine aliipaka grisi ya silikoni, akanikataza mafuta ya mgando kwa sababu huuharibu mpira. Pia alinionya nisigeuze kamwe mkono wa valvu ya chujio wakati pampu inazunguka.

Kasoro yake ni saa. Aliahidi saa mbili asubuhi, akafika baada ya Alasiri, na simu hapokei akiwa kazini. Ukiwa na wageni wanaoingia siku hiyo hiyo, mwite siku mbili kabla.

Kazi za umeme hafanyi. Hita yetu ilikuwa inapitisha nyuzi 40, akakataa kuifungua, akasema hapo mtu anaweza kuzimia majini, tuizime mpaka aje fundi wa stima. Tumeizima, na wageni wa wiki hii nimewaambia kabla hawajalipa.