Kifurushi cha opampu nilichonunua Luthuli: uzoefu wangu

Kama unamtafutia kijana kitu cha kumwonjesha elektroniki, teremka naye Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi. Huko ndiko niliponunua kifurushi cha miradi ya opampu (saketi ya kulinganisha au kukuza volti) nifanye na mpwa wangu wa sekondari, na nakipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa sababu ya chipu iliyomo: LM358. Maelezo mengi ya kitambo hutumia 741, chipu ya mwaka 1968, ambayo kwa kawaida hutaka umeme wa pande mbili, chanya na hasi. LM358 inatosheka na betri moja ya volti 9, na ndani yake mna opampu mbili.

Mradi wa kwanza, taa inayojiwasha giza likiingia, ndio mtamu kuliko yote. Mguu wa 3 wa chipu unapokea volti za kihisi mwanga. Mguu wa 2 unapokea volti unazochagua mwenyewe kwa kuzungusha potenshomita, yaani rizista yenye kitasa. Za mguu wa 3 zikizidi, mguu wa 1 unapanda na LED inawaka. Kijana akaziba kihisi kwa kidole, ikawaka; akaondoa, ikazimika. Kisha akapima.

"Anko, mbona mita inasoma 7.6 na betri ni ya 9?"

Swali la maana sana, na karatasi ya maelezo haina jibu. LM358 haifikishi volti zake hadi juu kabisa, hubakiza kama volti moja na nusu hivi.

Jua lilipoanza kuzama, LED ikawa inapepesa kwa sababu volti za mguu wa 3 na za mguu wa 2 zilikuwa karibu sawa. Tuliunga rizista ya omu 100,000 kutoka mguu wa 1 hadi wa 3, ikatulia. Hilo nalo lilistahili kuandikwa.

Mradi wa kukuza sauti ya maikrofoni unafanya kazi bila shida: rizista ya 100,000 na ya 10,000, ishara inakua mara 11.

Lawama yangu kubwa ni karatasi yenyewe, fotokopi iliyofifia. Halafu rizista ni zile za bluu, ambazo mistari yake ya kahawia na nyekundu, inayoonyesha thamani, ni vigumu kuitofautisha. Pima kila moja kabla ya kuichomeka. Multimita haimo, kwa hiyo inunue hapo hapo, pamoja na LM358 za akiba, maana ukigeuza betri kwenye miguu ya 8 na 4 chipu huungua.