Williams na Fargo: udongo upi unafaa malisho?

Aina zote mbili za udongo ziko North Dakota, Marekani, na zote ni urithi wa enzi ya barafu. Kwa malisho, ningechagua Williams bila kusita. Ni tifutifu iliyotokana na mseto wa mawe, mchanga na mfinyanzi uliobururwa na barafuto, yaani mto wa barafu unaosonga polepole: juu una mboji, chini una chokaa, na maji hupenya badala ya kutuama. Mvua ikikatika, ng'ombe hurudi malishoni mapema bila kuutibua udongo. Kero ni mawe, na ukame ukizidi nyasi hudumaa.

Fargo ni mfinyanzi mzito uliotulia chini ya ziwa la kale, Agassiz. Hutuamisha maji, ukikauka, hupasuka nyufa. Rutuba unayo, tena tele, ndiyo maana wakulima huyaondoa maji yake kwa mitaro na kupanda ngano na soya.