Kiunzi cha Seramiki: Kitupu au Chenye Utando?

Kwa daktari wa mifupa wa Dar es Salaam anayempokea majeruhi wa bodaboda aliyepoteza kipande cha mfupa wa muundi, kijazio bora bado ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa nyongani. Pale usipotosha, watafiti hulinganisha vibadala viwili: kiunzi cha seramiki kitupu, yaani umbo lenye vitundu ambamo mfupa mpya huota, na kilichopakwa utando wa polima, aina ya plastiki.

Kiunzi kitupu, aghalabu cha haidroksiapataiti (madini ya kalsiamu na fosfeti), kinakaribiana kikemia na madini ya mfupa, na seli hujishika vizuri kwenye kuta zake. Udhaifu wake ni wepesi wa kuvunjika: ukikibana kwa vidole, kingo humomonyoka kama chaki, kwa sababu vitundu vinavyohitajika, vya zaidi ya maikromita 100, huziacha kuta zikiwa nyembamba mno.

Utando wa polikaprolaktoni, mojawapo ya polima hizo, hupenya kwenye nyufa ndogo na kuzizuia zisitanuke. Tena unaweza kubeba dawa. Ukiwa mzito, hata hivyo, huziba vitundu, na kwa kuwa polima hiyo haipendi maji, seli haziishiki kwa urahisi.

Mimi ningetazama kwanza utakasaji, yaani kuua vijidudu kabla ya upasuaji. Seramiki huvumilia mvuke wa nyuzijoto 121 wa mashine za kawaida za hospitali, ilhali polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi, hivyo huhitaji gesi au mionzi. Kwa pengo dogo lisilobeba uzito ningechagua kitupu. Kwa muundi, chenye utando, nacho kisaidiwe na vyuma.