Kimbunga Hidaya redioni: maoni ya mwenye mzigo barabarani

Nauza vitunguu vya Mang'ola soko la Kilombero, hapa Arusha, na wateja wangu wa jumla wako Lindi na Mtwara. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogelea pwani, Fuso langu lilikuwa limeshapakia na kuondoka. Redio nilisikiliza kwa roho juu, si kwa kujiburudisha.

Kituo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam kilisoma taarifa za TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, vizuri, bila kuruka kitu: mikoa yote ikatajwa, boti za Zanzibar kusitishwa nako tukasikia. Ila ilikuwa kusoma tu. FM moja ya hapa mjini ndiyo iliyonikera. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa anacheka kwamba Hidaya kitaishia baharini kama Jobo cha 2021, halafu anabonyeza muziki. Ni kweli Jobo kilififia kabla ya kugusa nchi kavu. Lakini Lindi ilishapigwa na kimbunga mwaka 1952, na ndugu zetu wa kule hawalioni jambo hilo kuwa la kuchekesha. Ajabu ni kwamba Aprili, maji yalipoingia kwenye nyumba za watu Moshi, FM hiyohiyo ilikaa hewani mpaka usiku. Yaani wanaweza, ila pwani wanaiona mbali.

Tarehe 4 Mei Hidaya kikaingia Mafia, usiku kikaisha nguvu. Kesho yake karibu kila kituo kikaaga: hatari imepita. Aisee, kwangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza! Upepo ulikuwa umekwisha, lakini Kilwa ilikuwa imepata zaidi ya milimita 200 za mvua ndani ya saa 24, kama mara mbili ya mvua yake ya Mei nzima. Na ardhi ilishashiba tangu masika yale ya El Niño. Rufiji na Kibiti zilikuwa majini tangu Aprili. Barabara ya Dar–Lindi ikakatika pale Somanga.

Hapo dereva wangu akanitumia kiungo cha redio moja ya kijamii ya Kusini, niisikilize kwenye simu. Huyo dada mtangazaji nampa heshima yake. Alikuwa anapokea simu za makonda, bodaboda na mama ntilie, na kila anayepiga anaulizwa kwanza: "Uko upande gani wa maji?" Kisha: karavati lipi limeondoka, foleni imeanzia wapi, chakula kinapatikana? Mmoja akadai basi limezama na abiria. Dada akamjibu, "Hilo sijalithibitisha, kaka, tusubiri," na akasubiri kweli. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alipofika eneo la tukio, dada hakuishia kwenye hotuba. Aliwarudia madereva kuwauliza kama malori yanapita au ni magari madogo tu. Alikumbusha pia kwamba kuna njia ya Songea, Tunduru hadi Masasi.

Nilipiga hesabu ya dizeli ya mzunguko huo, nikaona haitoki. Nikamwambia dereva ashushe mzigo soko la Ilala. Bei ilikuwa ya kutupa, lakini kitunguu kilicholowa chini ya turubai hakingojei waziri.

Kasoro za redio hiyo ya Kusini? Intaneti inakatika kila mara, na waliwahi kumkata mtu aliyekwama na watoto ili warushe tangazo la dawa ya nguvu za kiume.

Kituo cha Dar nakipa tatu kati ya tano. FM yetu moja, na hiyo ni kwa ajili ya Moshi. Redio ya Kusini nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ile dawa.