Adili na Nduguze, Kwa Mara ya Pili

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, riwaya fupi iliyotoka mwaka 1952. Wengi wenu mliisoma shuleni, mkajibu maswali ya mtihani, mkaifunga. Ifungueni tena, maana safari hii mnaijua siri ya manyani, na ukiijua siri, kitabu kinageuka.

Kama hujakisoma, simamisha video hapa. Nakwenda kuimwaga siri yote.

Haya. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu kufuata kodi. Usiku Ikibali anamwona mwenyeji wake, Liwali Adili, mtu anayesifiwa kwa upole, akiwachapa manyani wawili. Akishamaliza, anawabembeleza na kuwalisha. Ukisoma mara ya kwanza unajiuliza: huyu liwali ana kichaa? Mara ya pili unajua kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake waliomtosa baharini, na kwamba anawachapa kwa amri ya Huria, yule jini aliyemwokoa. Kwa hiyo usilikimbilie tukio hilo. Soma kipigo, kisha chakula, halafu jiulize nani anaadhibiwa.

Sehemu kubwa inayofuata ni Adili akijieleza mbele ya Rai, na hapa ndipo utamu ulipo. Washitakiwa wapo barazani, lakini ni manyani, hawana ulimi wa kujitetea. Kila kitu tunakipata kwa kinywa cha aliyekosewa. Sasa msikilizeni vizuri: anawapakazia, au anawapunguzia makosa? Mimi naona anawapunguzia, tena kwa makusudi.

Wanaojua Alfu Lela Ulela, zile hadithi za kale za Kiarabu, watakitambua kisa cha Abdullah bin Fadhil wa Basra na nduguze wawili. Kule ni mbwa, si manyani, na mwisho wake ni wa kutisha: ndugu wakishasamehewa wanajaribu kumuua Abdullah, nao wanauawa. Shaaban Robert akaukataa mwisho huo. Kwake Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu, na ndugu wanapatana. Wapo wanaosema kalainisha mno. Sikubaliani nao. Kulipa kisasi mbona rahisi. Kazi ni kumfanya msomaji aamini msamaha baada ya mambo yote yale, na ndiyo maana zile kurasa za mjeledi na machozi hazirukiki.

Kasoro zipo, tusifichane. Sifa za Mfalme Rai mwanzoni ni ndefu, na wasomaji wengi huishia hapo hapo. Vumilia mpaka Ikibali afunge safari. Hasidi na Mwivu huwezi kuwatofautisha, ni kama mtu mmoja mwenye majina mawili. Naye Mrembo, binti anayekutwa peke yake katika Mji wa Mawe, wenzake wote wamekwisha kuwa mawe, alistahili kusema zaidi. Mtu mwenye kisa kizito namna ile anaishia kugombewa tu!

Namna ya kukisoma: mikao miwili inatosha. Mkao wa kwanza uishie Adili anapoitwa barazani, wa pili ubebe ushahidi wake wote bila kukatiza, maana ukikatiza utapotea nani anamsimulia nani. Sentensi zake zina mizani, zisome kwa sauti. Kamusi iwe karibu, ila usisimame kwa kila neno.

Ukienda kununua Dar es Salaam, maduka ya mtaa wa Samora au kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, kagua mambo mawili. Kwanza, namba za kurasa zifuatane. Kitabu chembamba kikidondosha karatasi mbili tu, tukio zima limekwenda. Pili, soma jalada vizuri usije ukauziwa mwongozo wa mtihani. Mwongozo unakupa muhtasari na dhamira, lakini lugha ya Shaaban Robert haimo, na bila lugha hiyo ni bora ubaki na nauli yako.